Baba Alivyokataza Nyama ya Harusi

Baba alikuja kuishi nasi Kariakoo na sanduku moja la bati, koti la mvua alilopewa siku ya kuagwa kazini, na mazoea ya kuamka saa kumi alfajiri. Sanduku tulilisukuma chini ya kitanda. Koti tukalitundika nyuma ya mlango. Mazoea yale ndiyo hayakuwa na pa kuwekwa. Nyumba ilikuwa ya vyumba sita, ukumbi katikati, uani jiko na choo, na kila mpangaji na watu wake. Mimi na mume wangu tulipanga viwili. Saa kumi na robo baba alikuwa tayari anafagia ua, fagio likikwaruza chini ya madirisha ya watu, nami kitandani nimetoa macho, nikisubiri kusikia nani ataanza kulalamika.

Alizaliwa mwaka ambao hakuna aliyeuandika. Alichojua ni kwamba ilikuwa kabla ya njaa kubwa, na kwamba katika njaa hiyo babu alimshika mkono akampeleka mpaka kwenye lango la ranchi ya Mzungu mmoja kule bara, akamwachia mnyapara. Hakuachwa kwa mshahara. Aliachwa ale. Mwenyewe alikadiria alikuwa na miaka tisa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kulala zizini pamoja na ndama ili fisi wakija apige kelele.

Kutoka hapo alifanya kila kazi ambayo ng'ombe anaweza kumpa binadamu. Alichunga, alihesabu wakitoka na wakirudi, aliwaogesha kwenye josho wafe kupe, aliwapiga chapa, aliwavuta ndama waliokwama tumboni mwa mama zao huku mkono umezama mpaka begani. Alichimba mashimo ya nguzo za uzio usioonekana mwisho. Alizima moto wa nyasi kwa matawi mabichi, na nyusi yake ya kulia ikaungua isiote tena. Mimi nimekua nikidhani alizaliwa hivyo. Ranchi ilipofanywa mali ya umma, meneja mpya alikusanya wafanyakazi chini ya bendera, akawaita ndugu, akawaambia sasa ng'ombe ni wao. Baba alirudi nyumbani akala chakula chake, kisha akasema, "Kupe hawajaambiwa." Kesho yake akaamka saa ile ile.

Akiwa ameshapita miaka hamsini akaandikishwa elimu ya watu wazima, akajifunza kusoma jioni kwenye kibanda cha mizani ya ng'ombe. Kitu cha kwanza alichosoma peke yake kilikuwa maandishi ya debe la dawa ya josho. Alikuja nyumbani amekasirika, kwa sababu aligundua kwamba kwa miaka kadhaa mnyapara alikuwa anawapimia dawa pungufu.

Mama alipofariki na yeye akastaafu, nilimfuata kwa treni. Hakubisha. Alizunguka zizi mara moja, akapanda behewa, na njia nzima hakusema zaidi ya kuniuliza kama mjini kuna nyasi.

Nilichokuwa sijui ni macho yake. Kule ranchi alijua kila kijiti kilipo, kwa hiyo hakuna aliyegundua. Kariakoo ilimfichua. Jicho la kushoto lilikuwa na utando mweupe, na la kulia likaanza kulifuata. Wiki chache kabla ya haya ninayoyasimulia, duka la ushirika lilikuwa limepokea robota moja tu la khanga, na mtaa mzima tukanunua doti za rangi moja na maua yale yale. Asubuhi moja nilitoka na baba kwenda sokoni. Nikasimama kupanga foleni ya sabuni, nikageuka, hayupo. Alikuwa amemfuata mwanamke mwingine mwenye khanga kama yangu, akimsemesha habari za mvua, mpaka Mnazi Mmoja. Mwanamke yule akadhani ni kichaa, akaita watu. Nilimkuta amezungukwa, ameshika kofia yake kifuani, akirudia, "Samahanini, nilidhani ni mwanangu."

Habari ile ilifika nyumbani kabla yetu. Tangu siku hiyo sikumruhusu kutoka bila kunieleza anaenda wapi. Kila akichelewa nilitoka kumwangalia barabarani.

Mama mwenye nyumba alikuwa mjane, mwenyeji wa mji, mwanamke mkarimu na mwenye sauti. Nyumba aliachiwa na marehemu mumewe. Mwaka ule alikuwa anamwoza binti yake wa pekee, na alikuwa ameapa kwamba shida za nchi hazitaingia kwenye harusi ile. Hiyo ilikuwa miaka ya foleni. Nyama tulikuwa tunaiamkia alfajiri buchani, na ukifika mbele unapimiwa mifupa. Unga ulikuwa wa njano, wa msaada, na hata huo kwa kadi. Yeye akanunua ng'ombe mzima. Mchinjaji mmoja wa jirani, mwenye meza yake ya nyama sokoni, ndiye aliyekwenda kumtafutia kwenye mnada nje ya mji, na Ijumaa alasiri akamleta kwa miguu: dume jekundu, lenye pembe ndefu, limefungwa kamba. Watu wa mitaa mitatu walikuja kulitazama kama vile wamekuja kutazama gari.

Baba naye akatoka. Alimsogelea ng'ombe kwa ubavu, taratibu, akimsemesha kwa kilugha cha kwetu, akamshika sikio. Akalishika na la pili.

"Ana homa," alisema. "Masikio ya moto, na maji hataki. Msimchinje kesho. Mpeni siku tatu, atapona au atakufa."

"Harusi ni kesho, mzee," mama mwenye nyumba alimjibu. "Na bwana harusi naye nimpe siku tatu?"

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka kidogo, kwa sababu alikuwa amesema kwa upendo, na kwa sababu nilitaka yaishie hapo. Baba hakucheka. Aliingia ndani akakaa.

Jumamosi, kabla ya jua, baba alichukua dumu akaenda kupanga foleni ya mafuta ya taa. Foleni ile aliiweza kuliko sisi wote, maana alikuwa na subira ya mchungaji. Akiwa huko, ng'ombe akapiga magoti. Mama mwenye nyumba akapaza sauti, mchinjaji akaitwa mbio, wanaume wakashika miguu, na akachinjwa kabla hajafa. Hilo sote tulilishuhudia: alikuwa hai, kisu kilikuwa kikali, na jina la Mungu lilitajwa. Damu ilikingwa kwenye karai kuukuu ili ua usichafuke siku ya shughuli.

Mama mwenye nyumba, kwa ukarimu wake, alianza na maini. Kila chumba kikapata kipande. Nilikichukua changu kwa mikono miwili, nikakiosha, nikakikaanga kwa kitunguu na chumvi. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano na harufu ile sikuistahimili, kwa hiyo sikukitia mdomoni. Mume wangu alikula sahani nzima kwa chai ya rangi, akanisifu, akaenda zake kazini bandarini.

Baba alirudi saa mbili na dumu lake. Wanawake walikuwa wameshakaa chini wanachambua mchele, mafiga yamewashwa, mchinjaji na wenzake wawili wameinamia nyama. Alisimama mlangoni mwa ua. Nadhani alinusa kabla hajaona.

"Amechinjwa saa ngapi?"

"Kabla ya jua, mzee," mchinjaji alimjibu bila kuinua kichwa.

"Damu iko wapi?"

Wakamwonyesha karai. Alichomoa ukuni kwenye mafiga, akauzima kwenye mchanga, akauchovya kwenye damu, akakoroga polepole, akauinua. Ile damu ilichuruzika yote ikarudi chini kama maji. Akarudia tena. Kisha akasema anataka kuona bandama. Mchinjaji akaliinua kwa ncha ya kisu ili tumalize upuuzi. Mimi nilikuwa nimeona bandama la ng'ombe mara nyingi utotoni, ni kitu chembamba, kirefu. Lile lilikuwa limevimba limekuwa nene, jeusi, na pale kisu kilipolitoboa likavuja uji mzito kama lami.

"Wekeni visu chini," baba alisema. "Kila mtu aondoe mikono. Huyu ana kimeta."

Hakupandisha sauti. Pengine angepiga kelele wangemwelewa upesi.

"Mzee," mchinjaji alisema, "mimi nachinja tangu sijaota ndevu."

"Nakuamini. Huyu ungemchinja kabla hujaota ndevu, usingeziota."

Mama mwenye nyumba alikuwa amekuja na mwiko mkononi. "Ng'ombe wangu kachinjwa kwa sheria, mbele ya watu."

"Sikatai, mama. Umemchinja sawa kabisa. Lakini ugonjwa huu hauna dini. Nyama hii itaua watu."

Mtu mmoja akasema mzee ana kijicho. Mwingine akasema watu wa bara hawapendi kuona shughuli ya mtu wa pwani ikipendeza. Balozi wetu wa nyumba kumi, fundi cherehani aliyekaa nyumba ya tatu, akaitwa. Alikuja na futi yake bado shingoni, akasikiliza upande huu na upande ule. Mama mwenye nyumba akamwambia, "Huyu ndiye aliyemfuata mke wa mtu mpaka Mnazi Mmoja. Leo anatuonea ugonjwa kwenye nyama?"

Balozi akanigeukia mimi. "Wewe ndiye mwanawe. Baba yako anaona?"

Waliokuwa wanachambua mchele wakainua vichwa. Niliutazama mlango wa chumba chetu. Chumba Kariakoo wakati ule ulikuwa hupati bila kufa mtu. Nilimtazama mama mwenye nyumba. Sikumtazama baba.

"Anaona kiasi," nilisema.

Baba alikohoa kidogo. "Ni kweli," alisema. "Macho yangu mabovu. Msiniamini mimi. Mwiteni bwana mifugo, yeye mtamwamini."

Balozi akafikiri, akamtuma mtu na baiskeli. Akaamuru moto uzimwe mpaka bwana mifugo afike. Hapo ndipo nilipoikumbuka ile sahani ya asubuhi.

"Baba," nilimwambia. "Mume wangu amekula maini."

Alinigeukia. "Yaliiva?"

"Yaliiva."

"Na wewe?"

"Sikula. Niliyaosha tu."

Alinishika mikono akaivuta kwenye jua, akaisogeza karibu kabisa na jicho lake la kulia. Akapitisha dole gumba kwenye kila kidole, juu na chini, akitafuta jeraha. Nilikuwa na mkwaruzo mdogo wa mbuzi ya nazi kwenye kidole cha shahada. Alipoufikia, dole lake likasimama. Akaniambia nikaoshe mpaka kwenye kiwiko, na akaenda mwenyewe kumwomba mama mwenye nyumba sabuni. Mama akampa. Alikuwa amekasirika, lakini akampa.

Tukiwa tunangoja, baba alinieleza jambo ambalo hakuwahi kulitaja nyumbani. Alipokuwa kijana, maksai mmoja alikufa ghafla ranchini, na mnyapara akawaambia wachunaji watatu wagawane nyama. Baba alikuwa mmoja wao, ila siku hiyo alitumwa kuleta mawe ya chumvi ya ng'ombe. Aliporudi baada ya siku nne, mmoja alikuwa ameshazikwa, na wa pili alikuwa amelala na donda jeusi shingoni, anapumua kama mtu aliyekabwa. Huyo alimzika yeye. Ng'ombe wengine watano walipokufa, walichimbiwa shimo refu, wakachomwa, na shimo likazungushiwa uzio. "Miaka thelathini," alisema, "sikuruhusu hata mbuzi akanyage pale."

Nilikaa juu ya kigoda changu nikiwa sijui niombe nini. Baba akiwa amesema kweli, mume wangu alikuwa amebeba kifo tumboni na yuko bandarini anapakua mizigo, hana habari. Baba akiwa amekosea, tulikuwa tumeharibu harusi ya mtu, na jina la baba lingekuwa la kuchekwa mtaa mzima mpaka siku ya kuzikwa kwake. Niliomba awe amekosea. Ndivyo nilivyoomba, nikiwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake.

Bwana mifugo alifika karibu na adhuhuri kwa pikipiki. Alikuwa kijana. Alitazama, akavaa glavu, akachukua tone la damu kutoka sikioni, akalipaka kwenye vipande vya kioo, akavifunga. Baba alimwuliza swali, naye akajibu tu, "Tusubiri maabara." Kisha akatuambia sote: hakuna kula, hakuna kuuza, hakuna kutupa, mpaka kesho mchana.

Kwa hiyo nyama ikabaki uani imefunikwa mikeka na mabati, na inzi juu yake. Vijana wawili walitaka kuibeba wakaitupe bonde la Jangwani, harufu isiwafikie wageni. Baba akakataa. Aliwaambia mvua zikija maji yatauchukua ugonjwa yautembeze mpaka Magomeni. Akaleta kiti, akakaa mbele ya mikeka na ule ukuni wake, akawazuia paka, mbwa, na watu. Maana wapo waliokuja kwa unyenyekevu kuomba mguu mmoja tu, kwamba wao wataichemsha sana. Njaa ya nyama ilikuwa kubwa kiasi hicho.

Harusi ilifungwa. Wageni walilishwa wali wa nazi na maharage, na dagaa kwa wale wa mbele. Walikula wakinong'ona. Mama mwenye nyumba alihudumu huku akitabasamu kama mtu mwenye jino bovu, na aliponipita ukumbini aliniambia kwa sauti ya chini, "Kesho bwana mifugo akisema nyama nzima, mtafute pengine." Nikamwitikia, "Sawa, mama."

Mume wangu aliporudi nilimweleza. Kwanza alicheka. Halafu akaniuliza mara mbili kama maini yaliiva. Halafu akavua shati, akakaa ukingoni mwa kitanda akijitazama tumbo. Jumapili asubuhi nilimgusa paji la uso mara nyingi hata akaniambia nikiendelea nitamtia homa mwenyewe.

Mchana lilikuja Landrova, na ndani yake bwana mifugo na wanaume wawili wenye viatu vya mpira na magunia ya chokaa. Hakusalimia nyumba. Aliuliza, "Yuko wapi yule mzee?" Baba alikuwa bado kwenye kiti chake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Ni kimeta," alisema. "Umejuaje?"

"Kijiti kilitoka kitupu," baba alimjibu. "Damu ya ng'ombe mwenye afya huganda ikashika kijiti. Hiyo haihitaji macho."

Walibeba kila kitu: nyama, ngozi, karai, mikeka, kwenda kuvichoma nje ya mji. Wakakwangua udongo wa ua, wakamwaga chokaa mpaka ua ukawa mweupe. Visu vikatiwa motoni. Bwana mifugo akaandika majina ya wote walioshika au kula, akasema wote waende hospitali wakachomwe sindano siku hiyo hiyo. Kwa muda wa pumzi moja nilijawa na fahari. Kisha nikamwona mume wangu anatafuta viatu vyake, asijue mguu wa kushoto ni upi.

Zikaanza siku za kuhesabu. Baba alisema ugonjwa unaweza kujificha wiki nzima. Kila asubuhi alikaa kwenye baraza ya uani, na wapangaji wakaja mmoja mmoja wakamnyooshea mikono, naye akaipapasa na kuisogeza kwenye jicho. Wale waliosema ana kijicho walikuja pia. Mama mwenye nyumba hakuja. Siku ya tatu mume wangu aliamka na tumbo la kukata, nikaanza kulia kabla hajamaliza kuniambia. Tukarudi hospitali. Daktari alimminya, akamsikiliza, akasema ni hofu na unga wa njano, akaturudisha nyumbani. Sikumwamini mpaka kesho yake mume wangu alipoomba chakula.

Siku ya nne baba aliniuliza, "Yule mchinjaji mbona sijamwona mikono?"

Nikamwambia labda alikwenda hospitali na wengine.

"Labda," alisema, akavaa viatu.

Nilimshika mkono tukaingia sokoni, katikati ya matoroli na wabeba magunia, yeye akijikwaa kwenye maganda ya miwa na mimi nikiogopa asikanyagwe. Mchinjaji tulimkuta kwenye meza yake tupu, maana siku hiyo nyama haikuja. Alikuwa amevaa shati la mikono mirefu, na jua lilikuwa kali. Baba hakumsalimia kwa maneno mengi. Alimwomba akunje mkono wa shati.

"Ni kipele tu, mzee. Niliumwa na mdudu."

"Kinauma?"

"Hakiumi. Kinawasha."

"Kingeuma ningefurahi," baba alisema.

Akakunja. Juu kidogo ya kifundo kulikuwa na kidonda cha ukubwa wa kifungo cha koti, katikati cheusi kama mkaa, pembeni kimezungukwa na malengelenge, na mkono wote umevimba. Hakuwa amekwenda kuchomwa sindano. Alisema aliona aibu kukutana na wapangaji wenzetu kwenye benchi la hospitali. Tulimpeleka sisi, mimi upande huu na baba upande ule, ingawa kwa kweli baba ndiye aliyekuwa anaongozwa na wote wawili. Alilazwa wiki mbili za sindano za penisilini. Akapona, akabaki na kovu la kuzama.

Hakuna aliyekufa. Mwanangu alizaliwa salama mwezi uliotakiwa. Suala la chumba halikutajwa tena. Mama mwenye nyumba hakumwomba baba radhi, na miaka mingi baadaye, kwenye shughuli za wenzake, bado alikuwa akisimulia jinsi harusi ya mwanawe ilivyoharibika. Ilikuwa imeharibika kweli. Sikuwahi kumlaumu kwa hilo.

Mchinjaji alipotoka hospitali alianza kuja Alhamisi kumchukua baba waende mnadani. Baba aliyasikiliza masikio ya ng'ombe kwa viganja vyake, akasema huyu ndiyo, huyu hapana. Hakulipwa, alirudi na kipande cha nyama ya mchuzi. Macho yake yalipofunga kabisa aliendelea kwenda. Mimi nilikuwa nabaki nyumbani na wasiwasi wangu: barabara, magari, watu wa kumsukuma. Sikuumaliza hata siku moja wasiwasi ule, kwa miaka sita aliyoishi tena.

Jioni moja katika miaka hiyo, nikiwa namkata kucha, alisema ghafla, "Siku ile ulijibu vizuri."

"Siku ipi, baba?"

"Balozi alipokuuliza kama naona. Ungesema naona, wangeanza kubishana na wewe. Uliposema ukweli, wakamwita bwana mifugo."

Sikumwambia kwamba sikujibu kwa hekima, kwamba nilijibu kwa sababu ya chumba. Nadhani alijua. Alinipa mkono wa pili niendelee.

Alikufa wakati wa mvua za masika, baada ya homa ya siku mbili, akiwa nami na mume wangu. Mpaka saa zake za mwisho alikuwa anauliza kama kuna mtu aliyefunga lango la zizi, na mume wangu akawa anamjibu, "Limefungwa, baba." Asubuhi nilikwenda kuchukua kibali cha mazishi. Karani alikuwa nyuma ya dirisha dogo, na foleni ndefu nyuma yangu. Aliniuliza jina, umri, na kazi ya marehemu. Umri tulikadiria. Kwenye kazi nilianza kumweleza: aliachwa langoni mwa ranchi akiwa mdogo, alichunga, aliogesha, alipiga chapa. Karani alinisikiliza kwa muda, kisha akaandika: mkulima.

"Hakuwa mkulima," nilimwambia. "Alikuwa mtu wa ng'ombe."

"Ndugu," alisema, bila ubaya, "fomu zimekwisha. Hii ndiyo ya mwisho mpaka wiki ijayo."

Nyuma yangu mtu alikuwa analia. Nikaichukua karatasi, nikaikunja mara mbili, nikaenda kumzika baba.